Vihatarishi vya Magonjwa ya Moyo na Mgando wa Damu katika Tafiti za Jamii za Afrika Mashariki: Kutoka Mulago hadi Kyamulibwa

Ikisiri

Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yanaelezwa kwa orodha ya vihatarishi ambayo sehemu yake kubwa ilitokana na tafiti zilizofanywa Marekani na Ulaya. Makala haya yanaeleza namna kihatarishi kinavyogunduliwa, kisha yanafuatilia tafiti za Uganda, Kenya na Tanzania kuanzia uchunguzi wa maiti uliofanywa Kampala hadi makundi ya watu wanaofuatiliwa vijijini leo. Hoja kuu ni kwamba uhusiano kati ya kihatarishi na ugonjwa hufanana kwa kiasi kikubwa katika jamii nyingi, lakini kiwango cha ugonjwa wenyewe hakiwezi kuazimwa kutoka kwingine. Kiwango hicho hupatikana kwa kuhesabu tu. Kwa upande wa mgando wa damu katika vena, ambao Ulaya na Marekani huhesabiwa kwa makini, hesabu hiyo katika ukanda huu ni haba mno. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha mahali ambapo hesabu hiyo inaweza kuanzia bila kuunda taasisi mpya.

1.0 Utangulizi

Mtunga sera anayeandaa mpango wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza huanza na maswali mawili: ni nini kinachowaumiza watu, na ni watu wangapi wanaoumizwa. Swali la kwanza lina majibu mengi yaliyo tayari. Shinikizo la juu la damu, tumbaku, kisukari, lehemu nyingi, unene wa kiuno na kutoushughulisha mwili vimetajwa katika kila mwongozo. Swali la pili lina majibu machache, na mara nyingi jibu linalotolewa ni makadirio yaliyokokotolewa kutokana na takwimu za mahali pengine.

Pengo kati ya maswali hayo mawili si dogo. Bajeti ya dawa, idadi ya vitanda, mafunzo ya wauguzi na umri wa kuanza kupima watu hutegemea jibu la swali la pili. Ili kuona kwa nini jibu hilo halipatikani kwa kunakili, ni muhimu kwanza kueleza kihatarishi ni kitu gani.

2.0 Kihatarishi ni tokeo la kuhesabu

Mwaka 1948 watafiti walianza kuwafuatilia wakazi 5,209 wa mji wa Framingham, jimboni Massachusetts, Marekani. Watu hao walipimwa wakiwa hawajapata shambulio la moyo wala kiharusi, kisha wakapimwa tena kila baada ya miaka miwili. Watafiti waliandika nani aliugua na nani hakuugua, halafu wakalinganisha vipimo vya mwanzo vya makundi hayo mawili. Kutokana na kazi hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, dhana ya kihatarishi ilienea katika maandishi ya tiba.

Utaratibu huo unaonyesha jambo ambalo husahaulika kwa urahisi. Kihatarishi hakionekani ndani ya mwili wa mgonjwa mmoja. Huonekana pale tu kundi linapohesabiwa kwa muda mrefu na tofauti ikadhihirika kati ya walio nacho na wasio nacho. Kwa hiyo kila kihatarishi kina sehemu tatu: nguvu ya uhusiano wake na ugonjwa, wingi wake katika jamii, na kiwango cha ugonjwa katika jamii hiyo.

Mfano wa kubuni unatosha kufafanua. Tuseme kihatarishi fulani huongeza hatari ya ugonjwa mara mbili. Katika jamii ambapo watu 2 kati ya 1,000 wasio nacho huugua kwa mwaka, walio nacho wataugua 4. Kukiondoa kunaokoa watu 2 katika kila elfu ya walio nacho. Katika jamii ambapo 20 kati ya 1,000 huugua, kukiondoa kunaokoa watu 20. Nguvu ya uhusiano ni ileile katika jamii zote mbili, lakini faida ya sera imetofautiana mara kumi. Anayejua nguvu ya uhusiano peke yake hajajua bado ni watu wangapi sera yake itawaokoa.

3.0 Maiti 632 za Mulago

Afrika Mashariki iliingia katika mjadala huu mapema. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya shinikizo la damu vya Waafrika wa magharibi mwa Kenya, akaonyesha kwamba shinikizo lao halikupanda kwa umri kama ilivyokuwa kawaida Ulaya. Nchini Uganda, Hugh Trowell, aliyefanya kazi kwa miongo kadhaa katika hospitali ya Mulago, aliona ugonjwa wa ateri za moyo kuwa adimu kiasi kwamba mwaka 1956 mgonjwa mmoja tu Mwafrika alistahili kuandikiwa taarifa katika East African Medical Journal.

Ushahidi uliotajwa zaidi ulichapishwa mwaka 1960. Wilbur Thomas, J. N. P. Davies na wenzao walilinganisha uchunguzi wa maiti 632 wa Uganda na idadi hiyohiyo ya St. Louis, Marekani, wakizioanisha kwa umri na jinsia. Katika maiti za St. Louis, 136 zilikuwa na dalili za shambulio la moyo. Katika zile za Uganda ilipatikana moja tu. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba utafiti huo haukuishia kwenye moyo. Ulitazama pia mabonge ya damu katika vena na katika mishipa ya mapafu, nayo yakaonekana kuwa machache zaidi Uganda kuliko St. Louis. Hivyo basi, tangu zaidi ya miaka 60 iliyopita, Kampala iliuliza swali ambalo watafiti wa Ulaya wangali wanalijadili: je, ugonjwa wa ateri na mgando wa vena vina asili moja?

Utafiti wa maiti una mipaka yake. Waliochunguzwa ni wale waliofikishwa hospitalini, wakafia humo, na maiti zao zikapasuliwa. Mzee aliyefia kijijini hakuhesabiwa. Hata hivyo, tofauti ya 1 kwa 136 ni kubwa mno kuelezwa kwa mipaka hiyo pekee. Kilichobaki kuulizwa ni sababu.

4.0 Damu ya watu au maisha ya watu?

Maelezo mepesi yalikuwa kwamba Mwafrika ana kinga ya kuzaliwa. Tafiti tatu zinaonyesha kwa nini maelezo hayo hayatoshi.

Ya kwanza ilifanyika Kampala kwenyewe. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones walichapisha ulinganisho wa Waafrika na Waasia waliokuwa wakiishi Uganda. Miongoni mwa Waasia, lehemu katika damu ilikuwa juu na ugonjwa wa ateri za moyo ulikuwa wa kawaida. Miongoni mwa Waafrika, lehemu ilikuwa chini na ugonjwa huo ulikuwa adimu. Hali ya hewa ilikuwa moja, lakini vyakula na namna ya kuishi vilitofautiana. Shaper baadaye alianzisha nchini Uingereza utafiti wa moyo uliowafuatilia wanaume 7,735 wa miji 24. Inafaa kukumbukwa kwamba sehemu ya maswali yaliyoulizwa katika miji hiyo ilikomaa kwanza Kampala.

Ya pili ni utafiti wa Waluo waliohamia Nairobi, uliochapishwa na Neil Poulter na wenzake mwaka 1990. Watu waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya walipimwa muda mfupi baada ya kufika mjini, wakafuatiliwa, na kulinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu kuliko la wenzao ndani ya miezi ya mwanzo. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu pungufu. Kwa kuwa wahamiaji na waliobaki walitoka katika ukoo na vijiji vilevile, nasaba haiwezi kuwa maelezo. Chakula na mazingira ya mji ndivyo vilivyobadilika.

Ya tatu inahusu mgando wa damu. Mwaka 1994 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walieleza badiliko la jeni linaloifanya damu igande kwa urahisi zaidi. Badiliko hilo, lililopewa jina la mji huo, hupatikana kwa takriban mtu mmoja kati ya ishirini wenye asili ya Ulaya, na karibu halipo kabisa kwa Waafrika. Kwa hesabu ya jeni hiyo peke yake, ingetarajiwa kwamba watu wenye asili ya Afrika wapate mgando wa vena kwa uchache. Lakini nchini Marekani, Wamarekani wenye asili ya Afrika wana viwango vya juu kuliko Wamarekani weupe. Uchache ulioonekana Mulago, kwa hiyo, haukuwa hati ya kinga. Ulikuwa picha ya jamii moja katika wakati mmoja.

5.0 Tafiti za walio hai

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuliza kama orodha ya vihatarishi ya Framingham inafanya kazi pia nje ya Marekani. Utafiti wa INTERHEART, uliochapishwa mwaka 2004 na kuhusisha nchi 52, ulilinganisha watu wapatao 15,000 waliopata shambulio la moyo kwa mara ya kwanza na kundi linganishi la ukubwa kama huo. Mambo tisa yalieleza asilimia 90 ya hatari kwa wanaume na asilimia 94 kwa wanawake. Sehemu ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara, iliyochapishwa mwaka 2005 chini ya uongozi wa Krisela Steyn, ilionyesha kwamba matano kati ya hayo, yaani tumbaku, kisukari, shinikizo la juu la damu, unene wa tumbo na mafuta mabaya ya damu, yalieleza karibu asilimia 89. Orodha ilithibitika. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba wagonjwa wa Afrika katika utafiti huo walikuwa 578 tu.

Aidha, utafiti wa aina hiyo huanza na watu waliokwisha kuugua, hivyo hauwezi kusema ugonjwa umeenea kiasi gani. Kwa swali hilo, Tanzania ilitoa mfano bora. Kati ya 2003 na 2006, Richard Walker na wenzake walihesabu kila kiharusi kilichotokea katika maeneo mawili yaliyokuwa na orodha kamili ya wakazi: wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Kwa hesabu ghafi, maeneo hayo yalikaribiana: 94.5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 107.9 Dar es Salaam. Lakini wakazi wa jiji walikuwa vijana zaidi. Umri uliposawazishwa, Hai ilibaki na 108.6 na Dar es Salaam ikapanda hadi 315.9, kiwango kilichozidi cha nchi nyingi tajiri. Mpangaji aliyetazama hesabu ghafi peke yake angeamini kwamba mji na kijiji viko sawa, wakati hatari ya mkazi wa jiji wa umri uleule ilikuwa karibu mara tatu.

Uganda nayo ilifanya upimaji wa kitaifa mwaka 2014 kwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69. Takriban mtu mmoja kati ya wanne alikutwa na shinikizo la juu la damu, na miongoni mwao ni asilimia 7.7 tu waliokuwa wakijua hali yao. Upimaji wa namna hiyo hueleza wingi wa kihatarishi. Hausemi ni wangapi kati ya watu hao walipata kiharusi mwaka uliofuata, kwa sababu hauwarudii watu walewale.

Kundi linalorudiwa lipo. Tangu mwaka 1989, wakazi wa vijiji vya Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa Uganda, wamekuwa wakifuatiliwa katika utafiti ulioanzishwa kwa ajili ya Virusi vya UKIMWI. Kundi hilo lina watu wapatao 22,000. Katika miaka ya karibuni utafiti uliongezewa vipimo vya shinikizo la damu, sukari na lehemu. Hapo ndipo lilipo somo la kisera: orodha ya kaya, utaratibu wa kuandika vizazi na vifo, na imani ya wanakijiji vilikuwa vimekwisha kujengwa kwa gharama ya ugonjwa mmoja, vikatumika kwa mwingine.

6.0 Mgando wa vena: ugonjwa usiohesabiwa

Damu inapoganda ndani ya vena ya mguu, bonge linaweza kukatika na kusafiri kupitia moyo hadi mapafuni, likazuia mshipa na kuua kwa ghafla. Rudolf Virchow alikwisha kueleza safari hiyo katika karne ya 19. Ulaya na Marekani, watu kati ya 1 na 2 katika kila 1,000 hupata mgando wa namna hii kila mwaka, na idadi huongezeka sana uzeeni.

Utafiti wa Tromsø, ulioanza mwaka 1974 kaskazini mwa Norwe kwa sababu ya vifo vingi vya moyo, umetoa jibu la sehemu kwa swali la Mulago. Wafuatiliwa waliohesabiwa kwa magonjwa yote mawili walionyesha kwamba umri na unene huongeza hatari ya ateri na ya vena pia. Shinikizo la damu na lehemu, ambavyo ni nguzo za ugonjwa wa ateri, havikuonekana kuwa na uhusiano wa maana na mgando wa vena. Kwa maneno mengine, mpango unaopambana na shinikizo la damu pekee hauwezi kudhaniwa kwamba umeushughulikia mgando.

Afrika Mashariki ina sababu za ziada za kulitazama jambo hili. Ujauzito na siku za baada ya kujifungua huongeza hatari, na wanawake wa ukanda huu hujifungua mara nyingi zaidi kuliko wa Norwe. Virusi vya UKIMWI na kifua kikuu huongeza hatari. Ugonjwa wa selimundu huongeza hatari, na tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba hata mwenye jeni moja tu ya selimundu yuko katika hatari iliyo karibu mara mbili ya bonge la mapafu. Jeni hiyo ni ya kawaida kandokando ya Ziwa Victoria na katika bonde la Kongo. Haya yote hayamo katika orodha ya Framingham.

Hata hivyo, hesabu ya mgando wa vena kwa jamii nzima katika ukanda huu karibu haipatikani. Utambuzi wake huhitaji ultrasaundi ya mguu au picha maalumu ya mapafu. Mama anayefariki ghafla siku ya tano baada ya upasuaji wa kujifungua huandikiwa sababu nyingine, au haandikiwi sababu yoyote. Mahojiano na ndugu wa marehemu, ambayo hutumiwa vijijini kukisia chanzo cha kifo, hutambua kiharusi kwa urahisi zaidi kuliko bonge la mapafu. Ugonjwa usioandikwa hauonekani katika jedwali, na usioonekana katika jedwali haupangiwi dawa.

7.0 Lugha ya hojaji

Kuhesabu huanza na kuuliza, na kuuliza hufanyika kwa lugha. Katika mazungumzo ya kila siku, neno *presha* hutumiwa kwa shinikizo la damu lililopanda, lililoshuka, na hata kwa mfadhaiko. Swali "Umewahi kuambiwa una presha?" linaweza kukusanya hali tatu tofauti katika kisanduku kimoja. *Kupooza* hutaja kiharusi, lakini pia hutaja ulemavu wa utotoni. Mgando wa vena hauna jina moja lililozoeleka. Mhojiwa atazungumzia mguu uliovimba, na uvimbe wa mguu una asili nyingi, matende yakiwemo.

Tatizo hili haliondolewi kwa kutafsiri hojaji neno kwa neno. Linahitaji maswali yanayoeleza tukio: mguu ulivimba mmoja au yote miwili, ulivimba kwa siku au kwa miaka, je, ulitanguliwa na upasuaji, uzazi au kulala kitandani kwa muda mrefu? Wataalamu wa Kiswahili wana kazi ya moja kwa moja hapa, hasa kwa kuwa hojaji moja iliyojaribiwa vizuri inaweza kutumika Bujumbura, Kigoma na Bukavu, na matokeo yakalinganishwa.

8.0 Majedwali ya hatari na wajibu wa mshauri wa sera

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali mapya ya kukadiria hatari ya magonjwa ya moyo na kiharusi, yaliyorekebishwa kwa kanda 21 za dunia, Afrika Mashariki ikiwa mojawapo. Yapo majedwali yasiyohitaji maabara, jambo linalofaa kwa zahanati. Hii ni hatua kubwa mbele. Lakini urekebishaji wenyewe ulihitaji viwango vya ugonjwa vya kila kanda, na pale ambapo sajili hazipo, viwango hivyo ni makadirio. Jedwali linalotumiwa zahanatini Kalungu linategemea hesabu ambayo kwa sehemu kubwa haijafanyika bado.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, maeneo yenye orodha kamili za wakazi, kama Kyamulibwa, yaongezewe uandikishaji wa mashambulio ya moyo na viharusi vipya, kwa mfano wa Hai na Dar es Salaam. Pili, hospitali za rufaa zianze na makundi mawili yaliyo rahisi kufuatilia, yaani waliofanyiwa upasuaji na waliojifungua, na kuwapima kwa ultrasaundi wale wenye dalili za mgando, huku zikiandika waliopimwa wote na si waliokutwa nao tu. Bila idadi ya wote, kiwango hakikokotoleki. Tatu, kila taarifa ya kitaifa itoe hesabu ghafi pamoja na iliyosawazishwa kwa umri, ili mji wenye vijana wengi usionekane salama kuliko ulivyo.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vihatarishi vikuu vya magonjwa ya moyo vinajulikana na vimethibitika Afrika pia, na kwamba uchache wa magonjwa hayo ulioonekana Kampala katikati ya karne ya 20 ulitokana zaidi na maisha ya watu kuliko damu yao. Maisha hayo yamebadilika, kama shinikizo la wahamiaji wa Nairobi na viharusi vya Dar es Salaam vinavyoshuhudia. Kisichojulikana ni ukubwa wa mzigo, na kwa mgando wa vena hata mpaka wake haujachorwa. Watafiti wa Mulago walihesabu moyo na vena katika miili ileile, kwa vifaa vya wakati wao. Kazi iliyobaki ni kufanya hesabu hiyo kwa walio hai, wangali na muda wa kutibiwa.